Chuma cha Mguu wa Damiano

Nianze na kosa langu, kwa sababu Ilembo nzima hapa Mpanda wanalijua, na ukilisikia kwao utakuta limeshaota mkia.

Nilitania msibani. Hilo peke yake si kosa. Ukoo wetu na ukoo wa marehemu Damiano ni watani tangu kwa mababu. Wakifiwa wao, sisi ndo tunaingia kuvuruga: tunaigiza marehemu alivyokuwa anatembea, tunaficha mwiko wa wapishi, tunashuka kaburini na kugoma kutoka mpaka tupewe kitu. Msiba wao ukipita bila sisi wanaona kama mtu wao hakuzikwa vizuri. Kosa ni kwamba mimi, Denis, ni mtani wao na papo hapo ni bwana afya wa kata. Nina diploma. Nina ile sauti ya kumwambia mtu choo chake hakifai, na kesho yake unamkuta anachimba kingine. Siku ile nilichukua sauti ya bwana afya nikaifanyia kazi ya mtani.

Damiano alifia Japani. Alikuwa Nagoya miaka mingi, kazi yake kufungua magari yaliyochoka na kutoa vipuri. Nilikuwa namtania kwenye simu kwamba nusu ya Noah zinazokohoa stendi ya Mpanda ni wagonjwa wake. Akaanguka kazini, presha, basi. Mke wake, Upendo, alikuwa naye huko. Sasa Japani mtu akifa anachomwa, awe bosi awe mfagiaji, karibu wote. Sehemu ya kuzika mwili mzima ni ya kutafuta kwa tochi, na kumsafirisha mzima mpaka huku kulishindikana. Upendo akampigia mama mkwe wake kumweleza. Simu ikakata katikati. Kilichobaki sikioni kwa Mama Damiano ni hicho tu, kwamba mwanangu wamemchoma.

Na kwetu kuchomwa kuna sura yake. Anayechomwa ni mwizi aliyekamatwa sokoni, amevishwa tairi. Anayechomwa ni bibi kizee ambaye wanakijiji wamemgeuka. Sura nyingine hatuna.

Ndo maana Upendo aliposhuka kwenye basi la Tabora, amepakata kiboksi kilichofungwa kitambaa cheupe, waliokuja kumpokea waliendelea kuangalia mlango wa basi. Walikuja na pikapu ya kubebea jeneza.

"Marehemu yuko wapi?" aliuliza Mzee Obadia, baba mdogo wa Damiano.

"Huyu hapa, baba."

Obadia akaangalia kiboksi. Akaangalia pikapu. Akapanda mbele, akamwambia dereva waondoke. Upendo nikampakia mimi kwenye pikipiki ya kata, na njia nzima alikishika kile kiboksi kwa mikono miwili, mimi nimemfunga kiunoni na khanga ili asianguke.

Nyumbani turubai limefungwa, masufuria yako motoni, watu wamejaa, lakini hakuna anayelia. Hiyo ilinitisha. Msiba usio na kilio ni kama mvua inayokusanya mawingu tu. Upendo akaelekea mlangoni na mzigo wake. Obadia akajisogeza akasimama katikati ya mlango. Upendo akageuka, akaenda kukaa kwenye kigogo nyuma ya jiko la nje, kiboksi mapajani.

Mimi nikaingia ndani kumsalimia mama. Mama Damiano alikuwa amekaa kwenye godoro chini ya dirisha, na wazee wamemzunguka. Lile dirisha ninalijua vizuri. Kioo kimoja kilivunjika zamani, na akakiziba kwa picha ya eksirei, ile filamu nyeusi ya mguu wa Damiano alipovunjika na bodaboda njia ya Kasokola, kabla hajaenda Japani. Jua likipiga unaona mfupa na kile chuma alichowekewa, cheupe, kirefu kama kidole. Kila mgeni alikuwa anaonyeshwa: "Huyu ndo mwanangu, mguu wa kulia."

Nikaona kimya kimezidi. Nikajisemea, mtani, hii ndo kazi yako, watu wavunje ukimya wacheke kidogo, wakishacheka watalia. Nikafungua mdomo.

"Nyie mnakaa kama mmemeza vijiko! Mnajua huko Japani tanuri ni moja? Wanaingiza watu kumi, wanachota kwa kopo! Hapo ndani kuna mguu wa Damiano, kichwa cha Mjapani na mkia wa mbwa wa jirani! Mkimzika huyo, kesho anafufuka anadai wali kwa vijiti!"

Wakacheka. Kweli walicheka, mzee mmoja mpaka akashika meno yake ya bandia. Katikati ya kicheko Mama Damiano akainua kichwa.

"Ni kweli, Bwana Afya?"

Angalia, hakuniita mtani. Mimi macho yangu huwa hayapitwi na kitu, naona inzi wa kijani kwenye bucha nikiwa barabarani, lakini hilo lilinipita. Nikakunja uso wangu wa ukaguzi, nikasema, "Kitaalamu, mama, ndivyo ilivyo."

Wakacheka tena. Yeye akajifunika khanga usoni, akageukia ukutani.

Nusu saa baadaye Verdiana, dada mkubwa wa mama, akatoka chumbani na kusimama mbele ya wanaume. "Mama Damiano anasema haziki mbwa wa watu kando ya kaburi la mume wake. Mwanae akipatikana, mumwambie."

Nikaruka. "Mama mkubwa, nilikuwa natania!"

"Ulisema kitaalamu."

"Ndo utani wenyewe!"

"Haya," alisema Verdiana, "sasa tutajuaje ni saa ngapi hutanii?"

Kuanzia hapo nilizunguka ule uwanja kama kuku anayetafuta pa kutagia. Niliwaambia ukweli mmoja mmoja. Kwamba tanuri linaingia mtu mmoja, anatoka yeye, ndo anaingia mwingine. Kwamba kinachobaki si majivu kama ya mkaa, ni mifupa iliyokauka. Walinisikiliza, halafu wakasubiri sehemu ya kuchekesha. Kwa wengine nilivyozidi kuapa ndivyo walivyozidi kushika mbavu. Uongo wangu ulikuwa umeshafika Kasekese. Shangazi yao alipiga simu kutoka huko kuuliza kama aje kumlilia Damiano au amlilie huyo Mjapani.

Vijana wa kaburi nao wakaja. Innocent, kiongozi wao, amebeba sururu begani. "Bwana Afya, tuchimbe la mtu mzima au la mtoto?"

"La mtu mzima."

"Kwa kale kaboksi?"

"Innocent, chimba."

"Mzee Obadia kasema tusichimbe kabisa."

Nikamfuata Obadia. Alikuwa amekaa pembeni na redio yake, ameizima ila bado ameishika. Sitaki kumsema vibaya. Alimlea Damiano baada ya kaka yake kufa, alimnunulia viatu vya kwanza vya shule.

"Padri anakuja kesho mchana," nikamwambia. "Asipokuta kaburi tunamwambia nini, mzee?"

"Padri mwenyewe haziki mtu aliyechomwa."

"Nimempigia. Anasema Kanisa linaruhusu, siku nyingi. Wasichotaka ni kumwaga upeponi au kugawana. Wanataka azikwe, kama mtu."

"Jana ungeniambia hivyo ningekuamini." Akaizungusha redio mkononi. "Denis, mtoto wangu aliiba nini? Alimroga nani? Huyo mwanamke kama hakuwa na la kuficha, kwa nini achome mwili? Mwili ungesema amekufaje. Kesho basi la asubuhi linamhusu. Yeye na kopo lake."

Hapo ndo nilielewa nilichofanya. Haikuwa tena habari ya mama kununa. Upendo angeondoka Mpanda na jina la aliyechoma mume wake, na Damiano angezunguka kwenye mabasi ndani ya kiboksi, hana kwao. Na mama angebaki anasubiri jeneza lisilokuja maisha yake yote. Kwa sababu ya mguu wa mbwa. Mkia, samahani. Hata utani wangu nilikuwa nimeanza kuusahau.

Nikaenda kwenye masufuria, kwa sababu mambo yote ya ule ukoo huamuliwa kwenye masufuria. Verdiana alikuwa anasonga ugali na wenzake wanabishana.

"Mwili ukishaungua siku ya mwisho Mungu anashika nini?" aliuliza mmoja.

"Baba yetu aliliwa na mamba mtoni Katuma," Verdiana alisema bila kuacha mwiko. "Tulizika kandambili moja. Unataka kuniambia baba hafufuki? Au atafufuka kandambili?"

Mtu mmoja akacheka, mwingine akamfinya. Nikaona mwanya. "Umeona, mama mkubwa! Basi mwambie mdogo wako."

Akaacha kusonga. Akanivuta pembeni, moshi unatuuma macho wote wawili.

"Shida yake si hiyo, wewe. Ya ufufuo anamwachia Mungu. Anaogopa kitu kingine, hataki kukuuliza maana utamjibu upuuzi." Akashusha sauti. "Amesikia maiti ikiwa kwenye moto inainuka inakaa. Inapiga kelele. Toka siku ya ile simu halali, anasikia mtoto anamwita."

Sikuwa na utani wowote. Nilimwambia ninachojua, kwamba joto linakaza misuli, mkono unaweza kujikunja, basi. Mtu hakai wala haiti, na hasikii kitu, alishaondoka. Verdiana alinitazama muda mrefu, kama mtu anayepima kama hela ni ya bandia.

"Kaseme na mkwe wetu," akaniambia. "Yeye alikuwepo. Wewe ulikuwa hapa hapa unakagua vyoo."

Upendo hakuwa ametoka kwenye kigogo. Mtu alimpelekea chakula, kimepoa, kuku wameanza kukizunguka. Nikachuchumaa mbele yake.

"Shemeji, nimekuharibia."

"Nilisikia," alisema. "Ukuta ni wa matofali ya kuchoma ila dirisha liko wazi." Hakuwa na hasira hata. Alikuwa amechoka mpaka hasira imekosa pa kukaa. "Ungejua walivyonifanyisha kule, usingesema wanachota kwa kopo."

"Niambie."

Akanisimulia. Walimleta Damiano kwenye trei moja ndefu, amebaki mifupa, myeupe, bado ina joto. Wakampa vijiti. Huko ndugu ndo wanaookota. Ndugu mwenyewe alikuwa yeye, na Watanzania wenzao wawili walioomba ruhusa kazini. Waliokota mfupa mmoja mmoja, wakaweka kwenye chungu, na mzee wa pale mwenye glovu nyeupe akawa anawaelekeza waanze miguuni wapande juu, kichwa kiwe cha mwisho, ili asikae kichwa chini miguu juu.

"Nilipofika mguu wa kulia kijiti kikagonga chuma," alisema. "Yule mzee akataka kukiweka pembeni, vyuma huwa wanavikusanya. Nikamshika mkono. Nililia mpaka akanipa, akakifunga kwenye karatasi, akainama."

"Kiko wapi?"

Akaingiza mkono kwenye sidiria, akatoa kikaratasi. Ndani yake kile chuma, kimepoteza mng'aro, kimekuwa rangi ya jivu na ubuluu kidogo. Kirefu kama kidole. Kina matundu, la katikati wazi, halina skrubu, na juu kimepinda kidogo.

Mimi nilikuwa nimeona kitu hicho mara mia. Kila nilipoingia kwa Mama Damiano kunywa togwa.

Nilitaka twende muda ule ule, lakini Obadia alikuwa amehamishia kiti chake mlangoni na mama alikuwa amekataa watu. Nililala nyumbani kwangu macho wazi. Niliwaza vyote. Labda chuma kitamtisha zaidi. Labda atasema vyuma vyote vinafanana. Labda nikifungua mdomo tu watacheka. Mke wangu aliniambia, "Kesho ukifika pale, Denis, nakuomba, usiseme hata neno moja." Ndo ushauri bora niliowahi kupewa tangu chuoni.

Asubuhi dereva wa basi alikuwa ameshapiga honi ya kwanza stendi, inasikika mpaka Ilembo. Obadia amesimama na begi la Upendo mkononi. Nikamshika Upendo kiwiko, Verdiana akatangulia. Obadia alimzibia kila mtu, ila Verdiana hakuwahi kuzibiwa na mtu.

"Pisha, shemeji. Mkwe anamsalimia mama yake, si dhambi."

Mama Damiano hakugeuka. Jua lilikuwa ndo linapanda, linapiga dirishani, na mguu wa Damiano unawaka pale juu ya kichwa chake. Upendo akapiga magoti, kiboksi ubavuni. Akafungua kile kikaratasi, akakiweka kwenye kiganja cha mama mkwe wake. Mimi nimejibana ukutani, meno yameshikana.

Mama akakipapasa bila kuangalia. Kidole chake kikapita tundu la kwanza, la pili, kikasimama kwenye la katikati, kikapanda mpaka pale kinapopinda. Halafu akasimama. Akakiinua mpaka dirishani, akakilaza juu ya ile filamu, juu ya ule weupe. Kikatulia pale. Ule weupe ukabaki uzi mwembamba tu pembeni.

Nje honi ililia tena.

"Nani alikitoa?" aliuliza.

"Mimi, mama. Kwa mkono wangu."

"Na mifupa yake?"

"Yote tuliokota mimi na wenzetu. Tulianza miguuni ili asikae kichwa chini."

Niliona lile swali linakuja, nikaogopa kuliko nilivyowahi kuogopa ugonjwa wowote.

"Alipiga kelele?"

"Hapana, mama. Nilikuwa chumba cha jirani muda wote, walinipa chai. Nilikuwa nasikiliza na mimi. Kulikuwa kimya. Kimya kama amelala mchana, alivyokuwa analala Jumapili."

Mama Damiano akatoa sauti ambayo sitaiigiza, japo kuigiza ndo kazi yangu. Kilio kikaanzia pale kikatoka nje, kikawashika wa kwenye masufuria, kikafika chini ya turubai. Obadia aliweka begi chini. Akaenda ukutani, akaweka paji la uso kwenye tofali, mabega yanaruka. Nikachungulia dirishani, Innocent alikuwa ameshachukua sururu.

Mama akakaa, akafungua mikono. "Nipe."

Upendo akampa kiboksi. Mama akakipokea kama alikuwa anategemea kitakuwa kizito zaidi, mikono ikapanda juu kidogo. Akakitazama. Halafu akakihamishia mkono wa kushoto, kiwiko chini, akatoa khanga begani akakifunika, na mwili wake ukaanza wenyewe kuyumba taratibu mbele na nyuma.

Padri alikuja mchana kweli, na vumbi la Kasokola kwenye kanzu. Kaburi lilikuwa tayari, urefu wa mtu mzima. Innocent hakuuliza mara ya pili. Watu walikuwa wengi kuliko nilivyotegemea. Shangazi wa Kasekese amefika, analia kwa jina sahihi.

Sala zikaisha. Ikabaki kumshusha. Nikavua viatu nikaingia kaburini, maana ndo mahali pa mtani. Toka zamani mtani akiwa chini anadai kuku au pombe, na wenye msiba wanatoa ili atoke. Watu walikuwa wanasubiri nianze. Nikasikia mmoja amekohoa kabisa, anaandaa kicheko.

Nikatazama juu. Mama Damiano alikuwa amesimama ukingoni, Upendo kulia kwake, Obadia kushoto. Kiboksi kiko mkononi, ndani ya khanga, na bado anayumba. Asubuhi hiyo hiyo alikuwa hataki kukiona.

Nikanyoosha mikono yote miwili.

"Mama Damiano, niletee nimlaze."

Aliendelea kuyumba. Padri akaangalia kitabu chake. Upendo akainua mkono kama anataka kumgusa, akaurudisha. Udongo kidogo ulimomonyoka ukingoni ukaniangukia kichwani, sikuupangusa. Mikono ilianza kuniuma, sikuishusha. Nilitafuta ile sauti nyingine, isiyo ya bwana afya wala ya mtani, sikujua kama ninayo.

"Mama," nikasema, "nitamshika vizuri. Nipe."